Visogo vya Ukuta wa Mama Clémentine

Kule Kikula, mtaa wa watu wa kiwanda, kama ulitaka kujua nani amegombana na nani, hukuwa na haja ya kuuliza. Ulikwenda kukaa kwa Mama Clémentine, ukaagiza bia au kikombe cha munkoyo, togwa ya mahindi, ukanyamaza. Kabla kinywaji hakijafika nusu ulikuwa umeshajua kila kitu, pamoja na mambo ambayo yalikuwa bado hayajatokea.

Zamani baa yake iliitwa Chez Clémentine. Halafu yakaja majira yale ya kurudia majina ya mababu, majina ya ubatizo yakapigwa marufuku, na Clémentine, ambaye sasa kitambulisho chake kilimwita citoyenne, yaani mwananchi, Ngoie, akapanda juu ya kiti, akakwangua jina lake pale mlangoni na kuandika Ingia Kwanza. Watu waliingia. Waliendelea kumwita Mama Clémentine, ila wakimwona mtu wa Chama anapita walikohoa kidogo na kusema citoyenne.

Mabenchi ya Ingia Kwanza yote yalitazama avenyu. Si yeye aliyeyapanga hivyo. Wateja wenyewe waliyageuza, maana nani atakunywa bia huku anatazama ukuta, wakati nje watu wanapita na mambo yao? Basi tangu afungue baa, Clémentine alikuwa anakaa nyuma ya kaunta na kutazama visogo. Alivijua kama mchungaji anavyojua mbuzi wake. Casimir akidanganya, masikio yake yalirudi nyuma. Fidèle akigombana na mkewe, shingo yake ilizama mabegani ukabaki unaona ukosi tu. Clémentine alisoma hayo yote bila kuuliza mtu, akayapika pamoja na samaki, na jioni Kikula nzima ikala.

Shida ilianza pale Camille, mwenye baa ya ng'ambo ya avenyu, alipoleta mashine ya santuri yenye sauti ya kuamsha maiti. Vijana wote wakavuka barabara. Kwa Clémentine likabaki benchi la mbele tu, benchi la wakubwa wa Kikula, na hata hao walianza kutikisa mguu wakisikia muziki wa Camille. Aliona miguu ile, akaogopa. Mwanamke huyu alizaliwa katika nyumba ya watoto kumi na wawili na shangazi wanne. Nyumba tupu ilimtisha kuliko kaburi. Hao wakubwa wakiondoka, ataongea na nani? Na chupa?

Ndipo akamwita Floribert, mchoraji kutoka Lubumbashi, ampambie ukuta wa nyuma ya kaunta, wote, kutoka sakafu hadi mabati.

"Nichore nini, mama? Mami Wata mwenye mukia ya samaki? Simba?"

"Simba gani mu Kikula? Chora bakubwa ba hapa. Bale benye banajulikana."

Floribert alikuwa kijana mwembamba mwenye makopo manane ya rangi na tumbo lisilo na mwisho. Alikuwa pia na namna yake ya kazi: alichora kwanza nguo, mikono na viatu, na vichwa aliviacha mpaka siku ya mwisho kabisa. Alisema kichwa ndicho roho ya kazi, hakiharakishwi. Ukweli ni kwamba mchoraji aliyekwisha kuchora vichwa hupewa mkono wa kwaheri, lakini mchoraji ambaye bado hajavichora hupewa bukari, yaani ugali, na samaki wa Kapolowe, asubuhi na jioni.

Baada ya wiki moja kulikuwa na watu watano wamesimama ukutani, wamevaa vizuri, bila vichwa. Wa kwanza alivaa abacost, lile koti lisilo na tai ambalo wakubwa wa Chama walilivaa toka asubuhi hadi usingizini. Wa pili, jezi ya kipa. Wa tatu, sare ya bendi ya fanfare na tarumbeta mkononi. Wa nne alikuwa mama mwenye kitenge cha kuku wa rangi. Wa tano, nguo ya kazi ya bluu kama za kule kiwandani.

Hapo sasa ndipo baa ilipojaa! Kwa mara ya kwanza wateja waligeuza mabenchi, wakatazama ukuta. Walikuja mpaka wale wa Camille, wanasimama na chupa zao, kila mtu anachagua mwili wake.

"Mama, ile nguo ya mupira ni ya nani? Usinifiche," alisema Baba Hilaire. Huyu Hilaire, enzi za Wabelgiji, alishika penalti moja kwa tumbo. Hakuna hata mmoja pale baani aliyeiona, lakini wote waliisimulia, na kila mwaka mpira ule uliongezeka kasi.

"Ni ya kipa, Baba Hilaire."

"Kipa gani? Mu Kikula muko bakipa ngapi benye banajulikana?"

"Kula samaki yako."

"Muache," alidakia Casimir, mpiga tarumbeta. Hakuna aliyezikwa Kikula bila tarumbeta ya Casimir, na watu walisema alikuwa akimtazama mgonjwa kwa matumaini. "Mutu anashika mupira moya tu mu maisha yake, anataka kuikala ku ukuta. Minye nimesindikiza batu ku makaburi, parokia muzima!"

"Na njo nani alibaleta pa dunia?" Huyo alikuwa Mama Bibiane, mkunga, mwanamke mpana mwenye sauti ya kufungulia milango. "Kama ule wa kitenge haiko minye, basi bote barudi mu tumbo. Na weye wa kwanza, Casimir, ulitoka vibaya, miguu mbele."

Watu wakacheka mpaka wakamwaga bia. Fidèle, mshonaji, alisogea ukutani. Alikuwa anaitazama ile abacost kwa upendo. Tangu tai zikatazwe, yeye ndiye aliyegeuza makoti yote ya harusi ya Kikula kuwa abacost, na vifungo vya ile ya ukutani aliona kabisa ni vyake. Na ile nguo ya bluu ilidaiwa na kila mwanaume aliyewahi kuamshwa na king'ora cha kiwanda.

Clémentine aliuza. Kila jioni alimnong'oneza Floribert, "Kichwa, bado kidogo," naye Floribert alijibu, "Bado, mama," akaongeza bukari. Kitu kimoja tu kilimsumbua: sasa wateja walimtazama usoni, na nyuso zao zilimchanganya. Wote walicheka. Nani alicheka kweli, nani alikuwa tayari amenuna? Alizoea kusoma upande wa pili.

Jumamosi, watu wakitoka kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya kufagia mtaa, alipita citoyen Kalenga, delege, mjumbe wa Chama. Alikuwa mwanaume wa miaka kama thelathini, mnene, mwenye kofia kubwa iliyoshuka mpaka kwenye ukosi. Hakuivua hata kwenye matanga. Huyu hakuwa mtu wa kukaa baani. Alisimama mlangoni, akatazama, akasema, akaenda.

Leo alitazama muda mrefu.

"Citoyenne, hii ni nini?"

"Ni batu ba Kikula, citoyen delege."

"Batu banakuwaka na vichwa."

"Vichwa viko njiani, citoyen."

"Vinatoka wapi?"

Bibiane alicheka kidogo, halafu akaona anacheka peke yake. Delege alinyoosha kidole kwenye mwili wa kwanza.

"Na huyu? Mu hii inchi, nani anavaaka abacost?"

Santuri ya Camille ikasikika mpaka ndani.

"Bakubwa. Njo bale banavaaka. Donc weye, citoyenne, unaandika ku ukuta ya baa, batu bote baone kama bakubwa habana vichwa."

"Yangu Mungu! Hapana, citoyen!"

"Damas, mutoto yangu," Bibiane akaanza kwa upole, akimwita delege kwa jina lake la ubatizo, "ni rangi tu haiyaisha..."

Delege aliruka kama aliyemwagiwa maji. "Citoyen Kalenga, mama! Citoyen Kalenga!" Akatengeneza kofia yake. "Kesho misa ikiisha, nitapita. Nikute vichwa. Nisipovikuta nafunga hii mulango, na ile 'Ingia Kwanza' utaisomea inje."

Akaondoka. Wale wa Camille wakavuka barabara haraka kuliko walivyokuja.

Clémentine aligeukia kaunta, anatafuta kitambaa cha kufutia jasho. "Floribert! Weka vichwa. Sasa."

"Vya nani?" aliuliza Fidèle.

"Namna gani, vya nani?"

"Pa abacost, mama. Utaweka kichwa ya nani?" Fidèle alikuwa amekunja uso kama anayepima kitambaa kidogo kwa mtu mkubwa. "Ukiweka yangu, Kalenga atasema, huyu mushonaji anajiona mukubwa. Ukiweka ya Kalenga, mukubwa yake wa ku Zone atauliza, na minye? Ukiweka ya ule wa ku Zone, bale ba Lubumbashi batauliza."

"Basi aweke ya Mukubwa mwenyewe, Mukubwa wa inchi," alisema Hilaire.

"Mu baa?" Casimir aliinua mikono kama ameshika tarumbeta. "Katikati ya kipa na chupa? Batatuchukua bote, mpaka samaki."

Bila kichwa, kosa. Na kichwa, kosa vilevile, tofauti ni nani atakuja kukukamata. Floribert alikuwa anafunga makopo yake polepole.

"Unaenda wapi weye?"

"Mama, niko na kaka ku Lubumbashi, iko mugonjwa."

"Kaka gani? Anagonjwa nini?"

"Ataanza kesho."

Clémentine alimnyang'anya brashi zote akaziweka kifuani, mahali ambapo hakuna kijana mwenye adabu angezifuata.

Wakubwa wa Kikula hawakwenda nyumbani, hilo lazima tuwape sifa. Lakini hakuna aliyetaka kuonekana anautazama ukuta ule. Hilaire alishika benchi upande huu, Casimir upande ule, wakaligeuza. Wakakaa wote wanne, wanatazama avenyu kama zamani. Clémentine alikaa nyuma ya kaunta, akawaza kwamba labda hii ni jioni ya mwisho. Kesho watakuwa kwa Camille, wakipiga kelele ili wasikilizane. Na yeye atakuwa hapa na kufuli.

Akawatazama. Kisogo cha Hilaire: mikunjo miwili minene ya shingo kama mikate imelaliana, na katikati nywele zinashuka kwa ncha, kama mkia wa kifaranga. Kisogo cha Casimir, masikio yamelegea, leo hana uongo wowote. Kitambaa cha Bibiane na fundo lake la kushoto, daima kushoto. Fidèle, na mita yake ya kupimia imening'inia shingoni, shingo yenyewe imezama kabisa.

Looo! Hata angezimiwa taa, angewatambua. Nao wenyewe je? Nani kati yao aliwahi kukutana na kisogo chake?

"Floribert," aliita kwa sauti ya chini. "Bageuze."

"Nani?"

"Bale ba ku ukuta. Bageuze. Vichwa viwepo, nyuso hapana."

Floribert alitazama ukuta, akamtazama mama, akatazama ukuta tena. "Kugeuza mutu ni kazi kushinda kichwa! Nitafuta vifungo vyote. Na viatu? Viatu vinatazama huku!"

"Weka visigino. Na kule mbele yao, juu, chora mwenge ya Chama. Mukubwa sana. Banaenda kwa mwenge, banatupa mugongo."

Kijana akaanza kutabasamu. "Na samaki?"

"Wawili."

Alfajiri ya Jumapili, Kikula ilipokuwa inapiga pasi suruali za kanisani, Floribert alikuwa juu ya meza na Clémentine amemshikia kopo, anamwambia kisogo kimoja kimoja bila kutaja majina. Mikate miwili hapa. Hapana, minene zaidi. Sasa mkia wa kifaranga. Fundo kushoto, weye, kushoto! Kwa yule wa abacost alisema, "Huyu, kata nywele safi, basi. Shingo ya mutu yeyote." Naye wa nguo ya bluu akavalishwa kofia ngumu ya kiwandani, ili kila mwanaume wa Kikula aendelee kuamini ni yeye.

Misa ilipoisha, rangi ilikuwa bado inanuka. Watu walijaa mpaka barabarani, na Camille mwenyewe alikuja, santuri kaiacha inapiga kwa viti vitupu. Hakuna mtu anayekubali kusimuliwa jambo la namna hii.

"Casimir, ni weye yule! Masikio yote inje!"

"Masikio gani? Minye siko vile."

"Uko vile toka ulizaliwa," alisema Bibiane. "Na minye, mutanitambua kwa nini?"

"Kwa upana," alisema Hilaire, akapigwa kofi la bega.

Fidèle ndiye aliyepata shida. Alikwenda na kurudi, akatafuta shingo yake kwenye ile abacost, hakuipata. Mwishowe alijiona: yule mwenye nguo ya bluu alikuwa na mita ya mshonaji inachungulia shingoni. Floribert alijisahau, akaichora kwenye shingo isiyo yake. Fidèle hakuwahi kufanya kazi kiwandani hata siku moja, lakini akavuta benchi na kukaa, maana kuwa ukutani kwa kosa ni kuwa ukutani.

Delege akafika. Watu wakampisha. Alitazama mwenge kwanza, maana ulikuwa mkubwa kama dirisha la kanisa. Akatazama yule wa abacost, mbele ya wote.

"Huyu ni nani?"

"Mukubwa, citoyen," alisema Clémentine. "Iko mbele, sisi nyuma. Uso yake inaona mwenge. Sisi ni banani, tuone uso yake toka mu baa?"

Citoyen Kalenga alitafuta kosa. Alilitafuta chini kwenye visigino, akalitafuta juu kwenye moto. Hakulipata, na ilionekana alikuwa amejiandaa nalo toka asubuhi. Joto lilikuwa kali, watu wamebanana. Alivua kofia yake kubwa, akajifuta shingo na kitambaa.

"Na minye?" aliuliza, sasa kwa sauti ya mtu aliyesahauliwa kwenye harusi. "Batu benye banajulikana ba Kikula, na delege habamuweke?"

Hapo Clémentine aliona kufuli. Lakini delege alikuwa amesogea karibu na ukuta, mbele ya yule kipa, mkono wake umebaki shingoni. Akapapasa. Akapapasa tena, vidole vikashuka kati ya minofu miwili, vikagusa ncha ya nywele.

"Aaah!" alisema, na uso wake wote ukafunguka. "Citoyenne, weye mushenzi! Ni minye huyu! Kinyozi yangu analiaka kila mara juu ya ile mukia, alinionyesha na vioo viwili. Na ulijua namna gani nilikuwa kipa? Ilikuwa kule Mulungwishi, ku masomo, hakuna mutu hapa anajua!"

Hilaire alisimama. Jezi yake! Penalti yake! Alinyoosha kidole, akavuta pumzi ya kumrudisha mtu huyu mlangoni, delege au si delege. Halafu akaona, kwa mara ya kwanza, kisogo cha citoyen Kalenga bila kofia. Akatazama ukuta. Akapeleka mkono wake mwenyewe shingoni, polepole, kama anayetafuta siafu.

Akamtazama Mama Bibiane. Mama Bibiane, ambaye alimpokea Damas kwa mikono yake siku aliyozaliwa, alikuwa ghafla na kazi nyingi sana ya kuondoa miiba kwenye samaki ambaye alikuwa ameshaliwa.

Kidole cha Hilaire kikashuka.

"Ni weye," alisema. "Ni weye kabisa, citoyen. Ikala. Ikala hapa karibu yangu, leta kiti... hapana, hapa, pa benchi. Ulicheza kipa, weye? Ulitokaka mu goli, ao uliikala pa mustari?"

"Nilitokaka! Bote balisema minye natokaka sana."

"Mm," alisema Hilaire. "Paka vile. Sawasawa na minye."

Citoyen Kalenga akakaa, yeye ambaye hakuwahi kukaa. Akaagiza bia kwa benchi zima, akasema ukuta huu ni mfano, mitaa mingine ije kuona. Watu wakapiga makofi, Casimir akakimbia kuleta tarumbeta ya kweli, na ng'ambo ya avenyu santuri ya Camille ikaisha, hakuna aliyekwenda kuigeuza.

Clémentine alirudi nyuma ya kaunta, kwenye kiti chake. Nyumba ilijaa hadi kwenye kizingiti. Mbele yake, kwenye benchi la kwanza, visogo viwili vilikuwa vimekaa bega kwa bega, kimoja na mvi na kimoja bila: mikate minne, vifaranga viwili.

Hiyo ilikuwa habari kubwa kuliko zote zilizowahi kuingia Ingia Kwanza. Ilimpanda kifuani, ikafika kooni, ikagonga meno. Mama mmoja wa jirani akaegemea kaunta na kumwuliza, "Clémentine, juu ya nini unacheka peke yako vile?"

Alitazama mlango ulio wazi, na watu waliokuwa bado wanaingia. Ng'ambo ya kaunta, Bibiane alikuwa amegeuza shingo na kumkazia macho.

"Ni rangi," alisema Clémentine. "Inaniwasha pua."

Akafungua chupa nyingine.